Triga ya Bastola ya Zamani Imekuwa Nzito? Tafuta Chanzo Kabla ya Kugusa Springi

Mwishoni mwa masika mzee mmoja wa Kigamboni aliniletea bastola ya Browning Hi-Power anayoimiliki kwa leseni tangu ujana wake. Baada ya salamu akaiweka mezani. "Fundi, kidole kinaniuma. Nikivuta inakwaruza, inasita, halafu inaachia ghafla. Kuna kijana kaniambia tukate springi."

Nikamwambia, "Mzee wangu, springi tuiache kwanza." Springi ya nyundo ndiyo inayoipa nyundo nguvu ya kugonga pini hadi risasi iwake. Ukiifupisha, triga italainika kidogo, lakini siku ya shida unaweza kuvuta ukasikia "tap" na risasi isitoke. Tatizo lake halikuwa kwenye springi kabisa. Nitaeleza nilivyolifikia, maana karibu kila bastola ya zamani inayoletwa kwangu hapa Dar huwa na mojawapo ya maradhi haya.

Mwongozo huu ni wa kutambua tatizo. Kusafisha na kukagua silaha yako mwenyewe ni jambo la kawaida kwa mmiliki. Kufungua mitambo ya ndani na kubadili vipuri ni kazi ya fundi mwenye leseni, na silaha zote nchini ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.

Hatua ya 1: Hakikisha haina risasi, kisha hakikisha tena

Toa magazini. Vuta slaidi (sehemu ya juu inayoteleza) nyuma uifunge hapo. Tazama chemba, tundu inapokaa risasi, kwenye mwanga, halafu ingiza kidole kidogo upapase. Macho hudanganyika, hasa chuma kikiwa cheusi na chemba ikiwa chafu. Risasi zote zipeleke chumba kingine. Mimi huweka ndoo iliyojaa mchanga kando ya meza, na mtutu hauelekei pengine popote kazi inapoendelea.

Kwa Hi-Power nasisitiza zaidi, kwa sababu ina kizuizi kinachozuia triga isifanye kazi magazini ikiwa nje. Ili upime, lazima urudishe magazini ndani, na hapo ndipo mtu aliyechoka anaweza kurudisha yenye risasi. Kagua kila magazini moja moja: uone kibao cha kusukumia risasi kimepanda juu kabisa, hakuna kitu juu yake.

Tumia pia risasi bandia za mazoezi, zile za plastiki zenye rangi ya kuonekana. Pini za bastola kuukuu zinaweza kuvunjika zikifyatuliwa tupu mara nyingi.

Hatua ya 2: Sikiliza kwa kidole

Koki nyundo, yaani ivute nyuma hadi ijishike, kisha vuta triga polepole kadiri uwezavyo, hesabu hadi kumi. Usijali uzito bado. Jiulize uzito unaanzia wapi.

Ukianza mapema na ukakwaruza njia nzima, kuna vitu viwili vinasuguana: uchafu, kutu au magazini. Triga ikienda vizuri halafu ikagonga kama ukuta mwishoni, shaka inahamia kwenye sia, kile kipande kidogo cha chuma kinachoishika nyundo iliyokokiwa. Na ikiwa nzito lakini laini, bila mkwaruzo wowote, huenda mtu aliwahi kuweka springi ngumu kuliko ya asili.

Ya mzee ilikwaruza tangu milimita ya kwanza.

Hatua ya 3: Pima

Mizani ya kuning'iniza ya kupimia mizigo, zinazouzwa Kariakoo, inatosha. Tundika ndoano katikati ya mkunjo wa triga, vuta nyuma sambamba na mtutu, soma namba nyundo inapoanguka. Rudia mara tano uchukue wastani. Hi-Power nzima ninazopima mimi huwa kati ya kilo 3 na 4 hivi. Ya mzee ilisoma karibu 6. Andika namba zako kwenye karatasi, maana kidole kinazoea haraka na kesho utadhani imepona.

Hatua ya 4: Badilisha magazini

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na wengi huiruka.

Hi-Power ilianzishwa na John Browning, aliyefariki 1926, ikamaliziwa na Dieudonné Saive kiwandani FN huko Ubelgiji na kutoka mwaka 1935. Kile kizuizi cha magazini ni kipande kidogo chenye springi, kimekaa nyuma ya triga. Magazini ikiingia, uso wake wa mbele unakisukuma ndani. Ukivuta triga, kipande hicho kinateleza juu ya uso huo. Maana yake, kila unapovuta unasugua chuma kwa chuma.

Mzee alikuwa na magazini mbili. Ya kwanza kilo 6, ya pili kilo 4. Bastola ile ile, kidole kile kile.

Nikaigeuza ile ya kwanza dirishani. Mbele, upande wa juu, palikuwa na mstari wima uliochubuka rangi, kutu ya kahawia ikiwa imejipanga pembeni kama chumvi kwenye nguo iliyokaukia jua la pwani. Alikuwa akiiweka bastola ndani ya mkoba wa ngozi, kabatini, miezi yote ya mvua. Ngozi hunywa unyevu na kuukumbatisha chuma, na hewa yetu ya bahari haina huruma.

Jaribu hivi: futa uso huo kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ukaushe, paka tone moja la mafuta mepesi ya silaha, upime tena. Namba ikishuka, umepata mchawi. Yetu ilishuka hadi 4 na ushei.

Hatua ya 5: Uchafu wa ndani

Magazini zote zikitoa namba moja, fungua kwa usafi wa kawaida tu: slaidi, mtutu, springi ya kurudishia. Angalia palipo na mafuta yaliyoganda rangi ya asali. Nimekuta bastola zilizopakwa mafuta ya alizeti. Yakikaa hugeuka gundi. Safisha, kausha, paka kidogo sana, pima.

Hatua ya 6: Sia na springi, kwa macho tu

Tazama kwa tochi. Ukiona alama za tupa, springi iliyokatwa ncha au pini iliyotoka mahali pake, funga upeleke kwa fundi. Usisugue sia kwa msasa hata kidogo. Ngozi yake ngumu ni nyembamba. Ukiitoboa, triga itakuwa tamu kwa wiki chache, kisha nyundo ianze kuanguka yenyewe.

Hatua ya 7: Majaribio ya mwisho

Bastola ikiwa tupu, magazini tupu ndani, koki na uvute triga. Ukiwa bado umeishikilia nyuma, vuta slaidi uirudishe mbele (ikijifunga nyuma kwa kuwa magazini ni tupu, bonyeza kitufe cha kuiachia): nyundo ibaki imekokiwa. Legeza triga, vuta tena, iangushe. Kisha koki, weka sefti (kufuli ya usalama), vuta kwa nguvu: isiende. La mwisho, koki, toa sefti, kidole kikiwa mbali na triga sukuma nyundo mbele kwa gumba kwa nguvu. Isianguke. Ikianguka, usiitie risasi tena hata moja mpaka fundi mwenye leseni aifungue.