Ukichimba mtaro wakati wa baridi, ogopa jasho kwanza

Majira yangu ya kwanza ya baridi kwenye kazi ya kulaza mabomba nilivaa kama mtu anayehama nyumba. Fulana mbili za pamba, masweta mawili, na juu yake koti zito lililofika magotini. Saa moja asubuhi wenzangu wanatetemeka, mimi nawacheka. Kufika saa tatu, sululu ilikuwa imenitoa jasho mpaka fulana inakamulika. Mara tukaambiwa lori la mabomba limechelewa, tusubiri. Nikasimama kando ya mtaro dakika 40. Sijawahi kusikia baridi kama ile; ilitoka ndani ya nguo zangu mwenyewe. Walionicheka safari hii ndio walioniletea chai.

Tangu siku hiyo natoka nyumbani nikiwa nasikia baridi kidogo. Ukijiona uko sawasawa kabla hujashika beleshi, basi umevaa kupita kiasi. Robo saa ya kazi itakupa moto wote unaoutaka. Paji la uso likianza kulowa, fungua zipu. Haitoshi? Vua sweta. Wengi huona uvivu kuacha kazi kwa ajili ya nguo, na hapo ndipo wanapoharibu siku nzima. Ukipumzika, vaa tena papo hapo, kabla baridi haijakupata.

Maji hupokonya mwili joto kwa kasi ya kama mara 25 kuliko hewa iliyotulia, na nguo haijali kama maji hayo ni mvua au jasho. Pamba ndiyo mbaya zaidi: inanyonya, haiachii. Kwenye ngozi vaa sufu laini au polista inayoshika mwili. Sufu hata ikilowa hubaki na joto kiasi. Polista hukauka upesi, ila siku ya pili harufu yake hata mwenyewe unaikimbia. Juu yake sweta la sufu au la flisi, kile kitambaa laini chenye manyoya, kisha koti la kuzuia upepo na mvua, pana kiasi cha kutolikandamiza sweta. Kinachotunza joto ni hewa iliyonaswa kwenye nguo. Ukiikamua kwa koti la kubana, umebeba mzigo wa bure. Koti la mpira halipitishi tone, lakini jasho nalo halina pa kutokea. Linamfaa anayesimama kuongoza magari, si anayechimba.

Usidanganywe na kipimajoto. Nyuzi 10 chini ya sifuri, pakiwa pakavu na pametulia, ni siku nzuri ya kazi. Ukija upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaumia kama kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Lakini mimi naogopa zaidi nyuzi 3 juu ya sifuri na manyunyu ya kutwa, maana theluji unaikung'uta, manyunyu yanaingia.

Na yanaingia pale nguo moja inapokutana na nyingine. Suruali ya mvua iteremke nje ya buti. Ukiichomeka ndani umejitengenezea mfereji wa kujaza viatu. Mikono nayo ina hesabu yake. Ukichimba, mikono inaelekea chini, kwa hiyo mkono wa koti ufunike glavu. Ukifunga kitu kilicho juu ya kichwa, geuza: glavu ifunike mkono wa koti, la sivyo maji yatatiririka hadi kwapani. Nimewaona mafundi wa miaka mingi wakilisahau hili.

Glavu beba jozi tatu. Moja mkononi, moja kifuani ndani ya koti ipate joto, ya tatu nyembamba ya kuvaa wakati wa kukaza nati, maana chuma cha baridi kali hung'ang'ania ngozi tupu. Chini ya helmeti vaa kofia nyembamba isiyoinyanyua helmeti. Shingoni usiweke skafu yenye ncha za kuning'inia karibu na mashine.

Miguu huteswa na mambo mawili: buti linalobana na ardhi yenyewe. Soksi mbili nene ndani ya buti la saizi yako huzuia damu kupita, na vidole vinakuwa baridi kuliko ungevaa moja. Nunua buti lenye nafasi ya kuchezesha vidole. Ukisimama muda mrefu juu ya zege au udongo ulioganda, tupa chini kipande cha ubao usimame juu yake. Wanaokuona watakuuliza kama umekuwa chifu, lakini baada ya nusu saa nao watatafuta ubao wao. Jioni toa soli za ndani, jaza buti magazeti, uyabadilishe kabla ya kulala. Usiliweke mbele ya hita. Langu moja liliachia gundi likabaki limefumbua mdomo kama mamba.

Kidole kikiwa cheupe na hakina hisia, usikisugue wala usikipeleke motoni. Kiweke kwapani, au ukifika ndani kitie kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39. Kikiwa kigumu, au hisia hazirudi, nenda hospitali. Mwangalie na mwenzako: akiangusha vifaa, akiongea kama mlevi, akataka kukaa peke yake, mwingize ndani, mvue nguo zilizolowa, mfunike, na kama yuko macho mpe kinywaji cha moto chenye sukari. Akiacha kutetemeka huku bado ni wa baridi, hajapona, hali imekuwa mbaya. Piga simu ya dharura. Pombe usimpe. Inapeleka damu kwenye ngozi, anajisikia moto huku joto la ndani linapotea.

Kila siku nabeba fulana kavu na soksi kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Saa sita mchana naenda nyuma ya lori, navua kila kitu hadi kifua wazi, najifuta, navaa ile kavu. Sekunde 30 za kusaga meno na kutukana kimya kimya, kisha nakula nikiwa na joto wakati wenzangu wamejikunja ndani ya fulana za asubuhi.