Namna ya kujua umbali na muda wa ndege kutoka Dodoma kabla hujakata tiketi

Mimi nakata tiketi hapa Dodoma mjini, na kila siku naulizwa Dar kwa ndege ni mbali kiasi gani na mtu atatumia muda gani. Leo nawaelekeza mpige hesabu wenyewe, simu tu inatosha.

Kwanza achana na namba ya barabarani. Kwa basi Dodoma–Dar ni kama kilomita 450 maana barabara inazungukia Gairo, Morogoro, Chalinze, ila ndege haina habari na huko. Fungua Google Maps, bonyeza na ushikilie pale uwanja wa ndege wa Dodoma mpaka pini itokee, shuka chini uguse Pima umbali, halafu sogeza ramani taratibu mpaka uwanja wa Julius Nyerere. Itakuletea kama kilomita 390, huo ndo mstari ulionyooka.

Pili, gawa kwa spidi. Ndege ya mapangaboi kama Dash 8 Q400 ikishatulia juu weka kilomita 600 kwa saa, jeti weka 850. 390 kwa 600 ni dakika 39. Usiishie hapo!! Ndege inatembea kwanza chini, inapanda, ikikaribia inapunguza mwendo, kwa hiyo ongeza dakika 20 hadi 25, unapata saa moja hivi. Kwa safari ndefu hiyo nyongeza huisikii, Dar–Dubai ni kama kilomita 3,970, saa tano na kitu kwa jeti.

Hapo kwa Dubai sasa angalia saa za huko, wako mbele yetu saa moja na tiketi inaandika saa ya kila mji. Umeondoka Dar 16:00 ukafika 22:15, angani sio saa sita na robo, toa moja, ni tano na robo. Ndani ya Tanzania hiyo haikuhusu, saa yetu ni moja nchi nzima.

Sasa hapa naomba msome polepole. Tiketi haiandiki saa za Kiswahili. 14:00 unatoa sita, ni saa nane mchana. 03:40 unaongeza sita, ni saa tisa na dakika 40 usiku. Na tarehe je? Nilimkatia mama mmoja tiketi ya 00:40 tarehe 15, nikamwambia tu "tarehe 15 usiku", akaja uwanjani tarehe 15 jioni na mabegi yake matatu, ndege ilishaondoka usiku wa jana yake. Kosa lilikuwa langu na liliniuma sana. Tangu siku hiyo naandika kwa kalamu nyuma ya karatasi: USIKU WA KUAMKIA TAREHE 15, uwe uwanjani tarehe 14 saa tatu usiku.

Mwisho jumlisha na ya chini. Dodoma uwanja uko mjini, bodaboda dakika chache, ila unatakiwa ufike mapema, na ukitua Dar kuna foleni mpaka Posta. Ile saa moja inakuwa tatu na zaidi kirahisi, ndo maana tangu SGR ianze kufika Dodoma 2024 mteja anayekwenda katikati ya jiji namuuliza kwanza kama kaangalia treni. Anayeunga ndege ya nje siku hiyohiyo, huyo namkatia ya asubuhi kabisa.