Kitufe cha riseti kifute mipangilio ya BIOS

Kwa wenye kompyuta ndogo za gemu mnaopandisha kasi ya prosesa au ramu, hili nimelipata juzi nikifunga mashine ya jirani hapa Sakina, Arusha. Chomoa waya wa kitufe cha riseti cha kasha, uuchomeke kwenye zile pini mbili za mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) za kufuta mipangilio ya BIOS, yaani programu ndogo inayoiwasha kompyuta; mara nyingi zimeandikwa CLR_CMOS au CLRTC. Ukiugeuza hakuna shida, hauna chanya wala hasi.

Mazabodi ya Mini-ITX ni sentimita 17 kwa 17 tu, kwa hiyo kadi ya picha mara nyingi huzifunika pini hizo. Ukikosea volti skrini ikabaki nyeusi, inabidi ufungue kila kitu ili uziguse kwa bisibisi. Kitufe hufanya kazi ileile: kinaziunganisha pini mbili kwa muda unaokibonyeza. Zima pawa saplai kwa swichi ya nyuma, bonyeza sekunde 10, kisha washa. Kwenye ramu za aina ya DDR5 vumilia, skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa ramu ikijipima upya. Wengi huzima hapo na kuanza kuhangaika bure. Mipangilio yote hurudi ya kiwandani, basi ipige picha kwa simu mapema.

Haisaidii kama umeme ulikatika ukiwa unasasisha BIOS, au ramu haijakaa vizuri. Zikiwa pini tatu zenye kijampa (kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili), usichomeke. Fuata kitabu cha mazabodi. Na kamwe usibonyeze kitufe hicho mashine ikiwa inawaka.