Somo: Damu kwenye mkojo, namna ya kupima na wakati wa kukimbilia hospitali

Damu kwenye mkojo huwapotosha wengi kwa tabia moja: leo ipo, kesho mkojo ni safi, mtu anajiona amepona. Kukoma kwa damu si kupona. Hata uvimbe wa saratani kibofuni huweza kutoa damu siku mbili, kisha ukanyamaza kwa miezi.

Hatua ya 1: Hakikisha ni damu. Bitiruti hugeuza mkojo kuwa wa waridi. Rifampisini, iliyomo kwenye dawa za TB, huufanya uwe wa rangi ya chungwa hadi wekundu. Mwanamke aangalie pia kama si hedhi.

Hatua ya 2: Tazama damu inatoka lini. Kojoa kwenye vikombe vitatu vinavyopitisha mwanga: mwanzo, katikati, mwisho. Ikiwa kikombe cha kwanza tu ndicho chekundu, shida huwa kwenye mrija wa kutolea mkojo. Vyote vitatu, kibofu au figo. Matone ya mwisho tu, tena yanayochoma, kwa mtu anayeoga mtoni, bwawani au anayelima majaruba ya mpunga, fikiria kwanza kichocho, ugonjwa wa minyoo inayoingia mwilini kupitia ngozi mtu akiwa majini. Mkojo wa rangi ya kola pamoja na kuvimba uso ni wa figo.

Hatua ya 3: Peleka mkojo wa saa sahihi. Hapa ndipo pengi huharibika. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, na hujaa kwenye matone ya mwisho. Ukipeleka mkojo wa alfajiri, tena wa katikati, majibu yanaweza kusema hakuna kitu ilhali ugonjwa upo. Tembea kidogo, kojoa, kinga hadi tone la mwisho. Maabara huchuja mililita 10 na kutafuta kwa hadubini yai lenye mwiba kwenye ncha. Kwa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, ni kinyume: jisafishe, achia wa mwanzo, kinga wa katikati, ufike maabara ndani ya saa 2.

Hatua ya 4: Dawa. Kichocho hutibiwa kwa prazikwanteli, mg 40 kwa kila kilo ya mwili. Kidonge kina mg 600, hivyo mtu wa kilo 30 hupewa viwili na wa kilo 60 vinne, kwa mara moja, akiwa ameshiba. Haiui minyoo michanga. Aliyeingia majini karibuni huenda akatakiwa kurudia baada ya wiki 4 hadi 6.

Nenda hospitali leo hii ukitoa mabonge ya damu, mkojo ukiziba, ukiwa na homa na maumivu ya ubavu, ukiwa mjamzito, au ukiwa umeumia kiunoni au tumboni.

MASWALI

Daktari, mwanangu wa miaka 10 anakojoa damu. Bibi yake anasema anabalehe.
Hapana mama, kubalehe hakuleti damu kwenye mkojo. Mpime kichocho, na ndugu zake wanaooga naye maji yale yale wapimwe pia.

Nina miaka 56. Damu ilitoka mara moja bila maumivu, nikapewa antibayotiki, ikakoma.
Mzee wangu, huko kutokuwa na maumivu ndiko kunakotutia wasiwasi, hasa kama unavuta sigara. Omba ultrasaundi na kipimo cha kamera ya kibofu. Ultrasaundi ikiwa safi, bado kamera inahitajika, maana uvimbe mdogo huponyoka.

Nimetibiwa UTI mara tatu, mkojo ukioteshwa hauoti wadudu. Natokwa damu hata baada ya tendo.
Dada, kichocho hushambulia pia mlango wa kizazi, na mara nyingi hudhaniwa ni ugonjwa wa zinaa. Mwambie mhudumu kama umekulia penye kichocho, akutazame mlango wa kizazi. Saratani ya hapo nayo huanza hivyo hivyo. Mkojo usio na mayai hauondoi kichocho cha uzazi.