SOMO: Kuchezesha softboli na besiboli za watoto, kwa wanaoanza hapa Tanga

Wakuu naandika hili mara moja maana kila Ijumaa jioni meseji ni zilezile, straiki (mrusho uliopita eneo halali mbele ya mpigaji) inaishia wapi, mpira ukigusa mstari inakuwaje, na kesho yake asubuhi mtu anaingia uwanjani bado hajui. Someni lote ndo muulize.

1. Vifaa: barakoa ya chuma, kinga ya kifua, kinga za miguu, kikaunta cha mkononi, brashi ya kufagilia hom (kibao cha chini, mpigaji anasimama pembeni yake). Bila barakoa usisimame nyuma ya kacha (mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji) hata kama wanaocheza wana miaka tisa.

2. Pima uwanja kabla timu hazijafika. Chini ya miaka 12 besi hadi besi (vituo anavyokimbilia mpigaji) ni futi 60, kama mita 18 na kidogo. Kutoka hom, mrushaji wa besiboli futi 46, wa softboli futi 40.

3. Ita makocha wote wawili, kubalianeni mipaka ya uwanja, anzeni.

4. Straiki. Kwa watoto ni kuanzia kwapa mpaka juu ya goti, upana ni wa hom yenyewe, inchi 17, na mpira ukipita hapo hata kipande tu ni straiki. Simama kwenye uwazi kati ya kacha na mpigaji, kidevu chako usawa wa juu ya kofia ya kacha, na kichwa kisicheze, fuata mpira kwa macho tu. Ukiinama mara hii na mara ijayo umenyooka basi straiki yako nayo inapanda na kushuka na mtoto hajui apige ipi. Usiangalie kacha kaudakia wapi, angalia ulipita wapi juu ya hom.

5. Faulo, na hapa naomba mtulie maana ndipo mechi nyingi zinapoharibika. Mistari miwili inatoka hom kupitia besi ya kwanza na ya tatu, mpira uliopigwa ukibaki ndani yake ni fea, ukienda nje ni faulo. Mstari ni fea. Besi ni fea. Hom nayo ni fea. Mpira unaotambaa kabla ya besi ya kwanza au ya tatu hauamuliwi mpaka usimame, uguswe, au upite besi, maana unaweza ukatoka nje ukarudi ndani. Sasa refa mwenye haraka anapaza sauti "faulo" mpira bado unabingirika, watoto wote wanasimama, na neno hilo likishatoka halirudi, mpira umekufa hata kama ungeingia ndani kabisa. Kwaiyo ngoja. Ngoja tena. Fea haipigiwi kelele, unanyooshea mkono ndani kimya kimya, faulo ndo unainua mikono miwili na sauti yote. Ukichelewa sekunde moja hakuna atakayeumia, ukiwahi umemnyima mtoto besi yake na hana pa kudai.

6. Besi ya kwanza: usikimbilie karibu, tafuta pembe. Macho kwenye besi na mguu, sikio lisikilize mpira ukiingia kwenye glavu, ujue kipi kimetangulia.

MASWALI

Chumbageni_Boy: mkuu nimepitia juu juu, ukigonga mstari ni faulo si ndiyo?

Namba 5.

Chumbageni_Boy: sawa ila ungejibu tu

Nimejibu, iko namba 5 na nimeiandika ndefu kuliko zote.

MamaNguvumali: Shikamoo mwalimu. Binti yangu ni kacha, juzi mpira ulipigwa juu, watoto wapo besi ya kwanza na ya pili, refa akasema mpigaji auti (ametolewa) kabla haujadakwa. Alikosea?

Marahaba dada, swali zuri sana. Hakukosea, hiyo ni infildi flai. Wakiwepo watoto besi ya kwanza na ya pili, au zote tatu zimejaa, na auti hazijafika mbili, mpira wa juu wa fea ambao mchezaji wa ndani (anayelinda karibu na besi) anaudaka bila taabu, mpigaji ni auti papo hapo. Isingekuwepo, mdakaji angeuangusha makusudi apate auti mbili za bure, maana wale kwenye besi wamebaki wakisubiri. Ila mpira bado hai, wanaotaka kukimbia wakimbie kwa hatari yao. Mwambie binti apaze sauti kuwakumbusha wenzake, kacha ndo anaona uwanja wote.

Raskazone_Lefti: Kocha akinifokea mbele ya watoto nifanyeje?

Msikilize mara moja, mjibu kwa sauti ya chini, rudi kazini. Straiki na boli (mrusho uliopita nje ya eneo la straiki) hazijadiliwi. Akiendelea mwonye, akizidi mtoe, watoto wanatazama.

Raskazone_Lefti: Na jua la jioni je? Pale Tangamano mpigaji alikuwa haoni kitu.

Uwanja umechorwa vibaya huo. Mstari wa kutoka hom kupitia kwa mrushaji uelekee mashariki kaskazini kidogo, yani mpigaji aangalie upande wa bahari, jua la jioni linabaki mgongoni kwake.

MamaNguvumali: Na upepo wa kusi?

Ukichora hivo kusi inatoka kuliani kwa mpigaji, kwaiyo mpira wa juu ulioenda nje upande wa besi ya kwanza inaweza ikaurudisha ndani. Usiite faulo ukiwa angani. Na besi za turubai zipigilieni vigingi, mtoto akiteleza isihame naye.