Urojo si uji: namna ya kuutia unga

Wanaokuja kula urojo, ule mchuzi mkali wa manjano wa mbatata, kachori na bajia, kwangu Mikunguni hapa Unguja baada ya laasiri huniuliza bizari natia kiasi gani, ndimu ngapi, chatne ya nazi naisagaje. Unga hauulizwi, na huo ndio unaowashinda majumbani. Ama urojo unatoka maji matupu ya manjano, ama unakuwa mzito hata kijiko kinasimama. Leo basi nasema unga tu.

Kwa lita 2 za maji natia vijiko 8 vya mezani vya unga wa ngano, vilivyofutwa juu, si vya kilima. Sufuriani urojo utauona mwepesi. Uache hivyo hivyo, kwa sababu bakulini unakwenda kukutana na mbatata, kachori na bajia za dengu, na vyote hivyo vinakunywa maji na vina wanga wake. Urojo uliokwisha kuwa mzito jikoni, mlaji hafiki nusu ya bakuli ila umeshakuwa donge.

Unga mkavu usiutie kwenye maji ya moto hata siku moja. Ukigusana na moto, nje unaiva papo hapo na kujifunga, ndani unabaki mkavu, na donge la namna hiyo ulikoroge mpaka magharibi haliyeyuki. Katika zile lita 2 toa vikombe viwili vya maji baridi. Yamimine kidogo kidogo juu ya unga, uupondeponde kwa mgongo wa kijiko mpaka ulainike kabisa, halafu ndipo umalizie maji. Pitisha kwenye chujio la chai.

Maji yaliyobaki yawe yanatokota na chumvi na bizari ya manjano. Punguza moto. Koroga unga wako tena, maana ukisimama kidogo tu unatuama, kisha umimine wembamba kwa mkono mmoja huku wa pili unakoroga, mwiko uguse chini kabisa kwa sababu huko ndiko unakoshika. Kabla hata haujachemka utausikia mwiko unakuwa mzito. Hizo ni chembe za wanga zinakunywa maji na kuvimba, na zinaanza kwenye nyuzi 60 hivi. Wengi wakiona hivyo wanazima jiko. Lo! Kuwa mzito si kuiva. Uache utokote kwa moto mdogo dakika 10, ukikoroga, mpaka ile ladha ya unga mbichi iishe.

Ukionja, usikirudishe kijiko sufuriani. Mbali na uchafu, mate yana kimeng'enya kinachokatakata wanga, na urojo uliokwisha kupoa kidogo ukichovywa kijiko cha mdomoni unaweza kukulegea wote. Mimi natonesha kiganjani.

Ukali ndio unakuja mwisho. Embe changa nazichemsha kwenye sufuria yake, nazichuja, na maji yake nayamimina kwenye urojo pale unga ukishaiva. Ndimu nakamua jiko likishazimwa. Ukali na moto vikikaa pamoja muda mrefu vinauvunja wanga, na urojo unarudi kuwa maji. Wapo wanaochemsha embe na unga pamoja tangu mwanzo, na urojo wao unalika vizuri, lakini watazame: unga wanatia zaidi, na sufuria ikikaa jikoni mpaka isha wanaongeza tena. Ukwaju nao ni vivyo hivyo.

Kujua umefika, chovya mwiko, pitisha kidole mgongoni mwake. Mstari uonekane, kisha kingo zake zianze kuteremka taratibu. Zikisimama pale pale umezidisha, na bado haujapoa. Ukipoa utazidi kukaza.

Konflawa inafanya kazi, ila nguvu yake ni kama mara mbili ya unga wa ngano, kwa hiyo vijiko 4 vinatosha. Urojo wake unang'aa, na mimi siupendi, unakosa ule uzito laini mdomoni. Wanga wa muhogo unavutika na kuteleza. Waachie wapika halua. Tena usiuchanganye na unga wa muhogo wa ugali, ule una nyuzinyuzi zake na utakuchafulia sufuria. Na mchuzi wa samaki wa tui usiutie unga wowote. Ukiwa mwepesi, tui lako ni jepesi, kakune nazi nyengine.

Ukiona urojo umekuwa mwepesi na wageni wamekwishakaa, ponda mbatata moja iliyoiva, ilainishe kwa upawa mmoja wa urojo wenyewe, irudishe sufuriani. Ukiwa mzito, ongeza maji ya moto, si ya baridi, upawa mmoja mmoja, kisha uonje chumvi na ndimu upya.