Vitenzi vya mwendo na mahali katika Kijapani

Anayeanza Kijapani asikariri kitenzi cha mwendo peke yake, bali akikariri pamoja na kijineno kinachokitangulia, kwa sababu hicho ndicho kinachobainisha mambo ambayo Kiswahili huyabebesha yote kiambishi "-ni" cha "sokoni" au "nyumbani". Kijineno "ni" huonyesha mwisho wa safari: *Kyōto ni iku*, kwenda Kyoto. Hutaja pia mahali kitu kilipo, kikiambatana na *iru* kwa watu na wanyama, au *aru* kwa vitu na mimea: *niwa ni neko ga iru*, paka yuko bustanini. Tendo likifanyika mahali, tumia "de": *niwa de asobu*, kucheza bustanini.

Kinachostahili mazoezi zaidi ni "o", kwa kuwa wengi hukijua kama alama ya yambwa, yaani kinachotendwa, tu, ilhali hutaja pia nafasi inayopitiwa, kama *michi o aruku*, kutembea barabarani, na mahali panapoachwa, kama *ie o deru*, kutoka nyumbani.

*Kuru*, yaani kuja, huelekea alipo msemaji. Kwa hiyo, mwenzako akikuita kwa simu, Kiswahili husema "nakuja", lakini Kijapani sanifu hudai *iku*.